Nyimbo tatu juu ya ugonjwa mmoja

Mwaka 2019, Ebola ilipokuwa ikitembea katika Kivu ya Kaskazini, niliwafundisha watoto wa katekismu wimbo mmoja mfupi. Niliutunga mwenyewe kwa kufuata karatasi tuliyopewa. Maneno yake yalikuwa machache: usiguse mgonjwa, usiguse maiti, usile mzoga, nawa mikono. Watoto waliuimba vizuri. Nikafurahi, nikadhani kazi yangu imekwisha.

Siku ya Dominika, kisha Misa, mama mmoja mzee aliniita kando. Akaniambia: «Mwalimu, wajukuu wangu wanaimba wimbo wako tangu asubuhi mpaka jioni. Sasa unieleze: mtoto akianza kutapika usiku wa manane, na mimi niko peke yangu naye, ni mkono wa nani utamshika?» Nikamjibu: «Mama, utawapigia simu watu wa riposte.» Ndivyo tulivyowaita wale waliotumwa kupigana na ugonjwa. Akauliza tena: «Na mpaka watakapofika?» Sikuwa na jibu. Aliniangalia kidogo, akachukua fimbo yake, akaenda zake.

Swali la mama huyo limekaa nami tangu siku ile. Leo nataka kulitumia kama kipimo, nipime nalo nyimbo tatu zilizotungwa mwaka 2014, wakati Ebola ilipokuwa ikiua watu katika Guinea, Sierra Leone na Liberia. Nyimbo hizo si zetu. Lakini nilipozisikiliza nilikuta ndani yake kosa langu mwenyewe, na pia njia ya kulitengeneza.

Kwanza tukumbuke mambo yalivyokuwa. Ugonjwa ule ulianza mwezi wa Desemba 2013 katika kijiji cha Meliandou, upande wa misitu ya Guinea, si mbali na mipaka ya Liberia na Sierra Leone. Watu wa pande hizo ni ndugu. Mpaka unapita katikati ya ukoo mmoja, na mtu huvuka kwenda sokoni au kwenda kulia msiba kama sisi tunavyovuka kwenda Uganda. Ebola ilifuata njia hizo hizo za soko na za kilio. Jina lake lilijulikana mwezi wa Machi 2014 tu, nao ulikuwa umekwisha kutembea miezi mitatu. Tarehe 8 Agosti 2014 Shirika la Afya la Dunia likatangaza kwamba hatari hiyo inahusu mataifa yote. Ulipokwisha, mwaka 2016, watu zaidi ya 28,600 walikuwa wameugua, na zaidi ya 11,300 walikuwa wamekufa.

Msomaji ataniuliza: wimbo ni kitu gani mbele ya ugonjwa wa namna hiyo? Nitamjibu kwamba mwaka 2014 hapakuwa na chanjo iliyokubaliwa, wala dawa iliyothibitishwa kuponya. Waganga walikuwa na maji ya chumvi na sukari, na dripu, na uangalizi wao. Kitu kilichoweza kuwafikia watu wote, hata wasiojua kusoma, kilikuwa neno: katika redio, katika kanisa, katika msikiti, katika wimbo. Basi neno lile lilikuwa sehemu ya matibabu, na ni haki tuliulize kama lilitibu au liliongeza ugonjwa.

Wimbo wa kwanza unaitwa «Ebola in Town». Uliimbwa na vijana wa Liberia katikati ya mwaka 2014, kwa lugha ya mtaani na kwa ngoma ya kuchezeka. Unaonya watu kwamba Ebola imefika mjini. Unawaambia wasimguse rafiki, wasile nyama ya nyani wala ya popo. Vijana wakaufanyia na mchezo wake: wanacheza wakiwa mbali mbali, bila kushikana.

Siudharau wimbo huu. Wakati ule watu wengi Liberia walisema kwamba Ebola haipo, kwamba ni ujanja wa wakubwa kuomba fedha za wageni. Vijana hao walisema wazi kwamba ipo, wakalisema jambo hilo mapema kwa sauti ambayo wenzao walikubali kuisikiliza. Wakubwa wengi hawakuweza kufanya hivyo.

Lakini niulipime kwa swali la mama mzee. Katika wimbo huu rafiki amekuwa hatari, na hapo ndipo maneno yanapokoma. Rafiki huyo akianguka mbele ya mlango wako, ufanye nini? Wimbo hausemi. Unakuonyesha mahali pa kukimbia, haukuonyeshi mahali pa kumpeleka. Na juu ya nyama, kuna kosa jingine. Yawezekana kwamba ugonjwa ulitoka kwa mnyama mara ya kwanza. Lakini kisha hapo ulikwenda kutoka mtu kwa mtu, kwa matapishi, kwa damu, kwa kuosha maiti. Wazee waliokula nyama ya msituni maisha yao yote bila kuugua walisikia katazo hilo, wakacheka. Na walipoona kwamba neno moja si kweli kwao, waliyatupa na yale mengine yaliyokuwa kweli.

Kosa hili halikuwa la vijana wale peke yao. Karatasi na redio za mwanzo zilisema vivyo hivyo: Ebola inaua, Ebola haina dawa. Ilikuwa kweli nusu. Mtu aliyeambiwa kwamba hakuna dawa, kwa sababu gani aende kufia katika hema la watu asiowajua, waliofunikwa hata macho? Afadhali afe kwake, mke wake akimshika. Ndiyo maana wagonjwa walifichwa, na waliowaficha wakaugua nao. Kisha hofu ikapewa na bunduki. Tarehe 20 Agosti 2014 askari walizunguka mtaa wa West Point, katika mji wa Monrovia, wakawafungia ndani maelfu mengi ya watu maskini. Vurugu ikatokea, risasi zikapigwa, mtoto wa kiume wa miaka 15 akafa. Baada ya siku 10 mtaa ulifunguliwa. Ugonjwa haukukamatwa kwa waya ule. Kitu kilichopotea ni imani ya watu.

Wimbo wa pili ulitoka London mwezi wa Novemba 2014. Ulikuwa wimbo wa zamani, wa mwaka 1984, uliotungwa kwa ajili ya njaa ya Ethiopia; Bob Geldof akawakusanya waimbaji wenye sifa, wakabadilisha maneno kadhaa, wakauimba upya juu ya Ebola. Jina lake ni swali: je, watu hao wanajua kwamba ni Noeli?

Nitasema mema kwanza. Wimbo huo ulileta fedha, na fedha zilihitajiwa. Glovu hazinunuliwi kwa machozi. Anayetoa kwa moyo mwema, Mungu anamwona.

Lakini sisi wakristu wa Afrika tunaweza kulijibu swali lile. Ethiopia iliadhimisha kuzaliwa kwa Bwana wakati mataifa mengi ya Ulaya yalikuwa hayajabatizwa. Na katika Liberia ya mwaka 2014, watu walijua Noeli vizuri kabisa. Katika hospitali ya kikatoliki ya Mtakatifu Yosefu, Monrovia, walikufa mwezi wa Agosti Ndugu Patrick Nshamdze, mkubwa wa hospitali, na Sista Chantal Pascaline Mutwamene, mkongomani mwenzetu. Padri Miguel Pajares alirudishwa kwao Hispania akiwa mgonjwa, akafa Madrid. Hao walijua Noeli ni nini: ni Mungu aliyekuja kukaa karibu na watu. Walikufa kwa sababu walikaa karibu na wagonjwa.

Kosa la wimbo wa London si kwamba waimbaji ni wageni. Kosa ni kwamba hausemi na mgonjwa, unasema juu yake tu. Ndani yake Afrika Magharibi ni nchi ya hofu na machozi, na watu wake wanangoja mkono utokao mbali. Hakuna muuguzi wa Sierra Leone ndani yake, hakuna kijana aliyechimba makaburi, hakuna imamu, hakuna mama. Fuse ODG, mwimbaji wa Uingereza mwenye asili ya Ghana, aliitwa akaimbe, akakataa kwa sababu ya picha hiyo ya Afrika. Nadhani alifanya vema. Ukimpelekea mama mzee wimbo huu, atauliza: ni nani anayeimbiwa hapa? Si yeye.

Wimbo wa tatu ni «Africa Stop Ebola». Huo nao ulijulikana karibu na mwezi wa Novemba 2014. Waliuimba Waafrika wenyewe: Tiken Jah Fakoly, Salif Keita, Oumou Sangaré, Mory Kanté, Amadou na Mariam, na wengine, pamoja na Barbara Kanam wa kwetu Kongo. Waliimba kwa Kifaransa na kwa lugha za wenyeji, na mapato yakaenda kwa Waganga Wasio na Mipaka.

Katika nyimbo tatu, huu ndio ninaouchagua. Kwanza unasema na watu wenyewe, kwa midomo wanayoijua. Pili hauishii katika kukataza: unasema kwamba kuna tumaini, unawaambia watu wawaamini waganga na wawaendee. Hapo mtu anapewa njia ya kutembea. Tofauti hii ni kubwa. Mgonjwa aliyefika mapema na kupewa maji ya kutosha alikuwa na nafasi ya kupona zaidi kuliko yule aliyefichwa siku saba nyuma ya nyumba. Wimbo ulioimba tumaini haukuwadanganya watu. Ulisema kweli iliyosahauliwa na karatasi za mwanzo.

Hata hivyo nina maneno mawili juu yake. La kwanza, ulichelewa. Ulipoanza kusikiwa, karibu watu 5,000 walikuwa wamekwisha kufa.

La pili ni zito zaidi. Wimbo unaagiza: waaminini waganga. Lakini imani haiji kwa kuagizwa. Sisi wa Kongo tunalijua jambo hili tangu mwanzo. Ebola ilipojulikana mara ya kwanza, mwaka 1976, ilikuwa Yambuku, katika hospitali ya misioni yetu. Sindano zilikuwa chache sana, zikatumiwa kwa mtu huyu na huyu bila kuchemshwa vema, na hospitali yenyewe ikawagawia watu kifo. Waliougua walikuwa 318, waliokufa 280, na masista na wauguzi walikuwamo. Walifanya kazi kwa mapendo, hawakujua. Nayataja haya kusudi tusiwe wepesi kumwita mjinga mtu anayeogopa hospitali. Hofu yake ina kumbukumbu. Mtu huamini akiona: akiona mgonjwa amerudi mzima, akiona mwili wa baba yake umeheshimiwa, akiona mganga ameketi kusikiliza kabla ya kuamuru.

Na juu ya mwili wa baba, nyimbo hizi tatu zina upungufu mmoja. Wimbo wa tatu unakataza kugusa maiti, nalo ni katazo la haki kabisa, kwa maana mwili wa aliyekufa kwa Ebola umejaa ugonjwa. Mwaka 2014 huko Guinea ilisemwa kwamba wagonjwa 60 katika 100 walihusiana na mazishi. Lakini mtu haachi baba yake bila kumzika. Ukimwambia «usimguse» bila kumwambia «umzike hivi», atamzika usiku, kwa siri, kwa mikono mitupu. Hata Monrovia, tangu Agosti mpaka Desemba 2014, serikali iliagiza maiti zote zichomwe moto. Watu wakaficha wagonjwa na maiti kuliko kuwatoa wachomwe.

Jibu lilikuja mwezi wa Novemba 2014, nalo halikuwa wimbo. Lilikuwa andiko la Shirika la Afya la Dunia juu ya mazishi yenye usalama na heshima. Liliandikwa pamoja na Msalaba Mwekundu, na watu wa dini wakaulizwa: Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Caritas yetu, na Waislamu pia. Lugha yake ni kavu, kama lugha ya mtu anayepanga vyombo. Lakini nililisoma nikaona mapendo ndani yake. Linasema jamaa waulizwe kwanza, kazi isianze mpaka wakubali. Linasema wakristu wanaweza kunyunyiza maji juu ya mfuko wenye mwili na kusoma Maandiko. Linasema Waislamu wanaweza kufanya tayamamu, udhu usio na maji, na kutumia sanda nyeupe. Linasema jamaa wanaweza kuchimba kaburi wenyewe. Hapa hatimaye mikono imepewa kazi. Laiti mtunga nyimbo mmoja angalilichukua andiko hilo akaliimba mwezi wa Juni!

Sasa nirudi kwa mama mzee na usiku wake. Nilipata jibu lake Liberia. Mwaka 2014 msichana mmoja aliyekuwa akijifunza uuguzi alikuta wazazi wake, dada yake na binamu yake wameugua, na hospitali hazina nafasi. Akavaa mifuko ya takataka juu ya miguu yake, akavaa mabuti ya mpira juu yake, akafunika nywele, akavaa glovu na kitambaa cha kufunika mdomo, akawauguza nyumbani siku baada ya siku. Katika wanne, watatu walipona. Yeye mwenyewe hakuugua. Sisemi kwamba mifuko ya takataka inatosha. Haitoshi, na yeye alijifunza kazi ile. Nasema kwamba alikataa kuchagua kati ya kugusa ovyo na kukimbia. Alitafuta njia ya tatu.

Ni njia ile ya Msamaria mwema. Watu wengi husema kwamba Msamaria alimhurumia mgonjwa, wanaishia hapo. Lakini Injili inatuonyesha mambo aliyoyafanya: alimfunga vidonda, akampeleka katika nyumba ya wageni, akalipa, akaahidi kurudi. Kuna kazi ya mikono, kuna mahali pa kupeleka, kuna ahadi ya kurudi. Wimbo juu ya ugonjwa ukikosa moja la hayo, haujakamilika.

Kwetu pia, katika ugonjwa ule wa 2018 mpaka 2020 uliowaua watu 2,287, tulijifunza polepole. Palijengwa vyumba vyenye kuta za kupenya macho, jamaa wakaweza kumwona mgonjwa wao. Wanawake waliopona Ebola, ambao hawakuogopa tena kuambukizwa, walibeba watoto wachanga wa mama waliolazwa. Chanjo ilikuwapo, na mwaka 2019 dawa mbili zilionekana kuponya aina ile ya Ebola. Moja yake ilitokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit mwaka 1995. Lakini pamoja na hayo yote, vituo vilichomwa moto, na mwezi wa Aprili 2019 Dr Richard Mouzoko aliuawa Butembo akiwa kazini. Dawa njema zilikuwapo. Neno jema lilichelewa tena.

Nilipokwisha kuuliza wauguzi, nilikwenda nyumbani kwa yule mama. Nikamwambia: «Mama, mpaka watakapofika: mtoto umlaze peke yake, wengine watoke. Mtu mmoja tu amkaribie, asiwe mwenye mimba. Usishike matapishi kwa mkono mtupu. Vaa glovu, na ukikosa, funika mikono kwa mifuko ya plastiki isiyotoboka, huku ukijua kwamba haikingi yote. Umpe maji ya chumvi na sukari katika kikombe, akishike mwenyewe kama anaweza. Kisha unawe kwa sabuni. Na useme naye. Sauti haiambukizi.»

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema: «Mwalimu, hayo ndiyo ungaliwafundisha watoto kwanza.»

Niliuvunja wimbo wangu, nikautunga upya. Sasa una mashairi marefu zaidi, na watoto wanalalamika kwamba ni mgumu kushika. Basi ninawaomba makatekista wenzangu, na waongozi wa kwaya, na wote wanaopewa karatasi za kusoma kanisani: karatasi ikisema «usifanye», tusiisome mpaka tumepata pia neno la «ufanye hivi». Ebola haijatuaga. Itakaporudi, hao mama watatuuliza tena, nao hawatakuwa na saa ya kungoja jibu.